Jiwe Lililoitwa Kinywe

Kale, wajukuu zangu, vyungu vyote vya maji katika nchi hii ya milima vilikuwa vyekundu, na vyote vilikuwa na kiu. Mwanamke aliteka maji, akajitwika, na kabla hajafika kwake mgongo ulikuwa umelowa. Udongo ulikuwa umeshakunywa fungu lake. Hakuna aliyelalamika, maana chemchemi zilikuwa karibu, na aliyepungukiwa alirudi kuteka.

Mfinyanzi wa siku hizo aliitwa Nambega. Alikuwa ameolewa na mtoto wa mzee Lihoma, na mkwewe huyo alimpenda kama binti wa kumzaa. Yeye ndiye aliyemwonyesha mahali penye udongo mzuri, na kila Nambega alipochoma vyungu, mzee alikuja kuvigonga kwa ukucha na kusikiliza mlio wake.

Ukaja mwaka ambao mvua iligoma. Chemchemi zikakauka, ukabaki mto mmoja wa mbali, ambao watu waliuendea alfajiri na kurudi jua likiwa la utosi. Vibuyu vichache vilivyokuwepo havikutosha hata watoto. Mwaka huohuo mzee Lihoma akashikwa na homa kali, akawa haombi kitu ila maji.

Binti yake, Chilewa, alijitwika chungu alichofinyangiwa na wifi yake, akaenda mtoni. Jua lilikuwa kali na njia ilikuwa ya kupanda. Alipokitua chungu mlangoni na kuchungulia ndani, alikuta maji ya kulowesha kitambaa tu. Alimkamulia baba yake midomoni. Mzee aliramba, akangoja mengine, kisha akageukia ukutani. Jua halikuzama akiwa hai.

Msibani Chilewa alisimama mbele ya watu wote.

"Baba hakuuawa na homa," alisema. "Chungu cha wifi yangu kimekunywa maji yake."

Nambega alijua kuwa neno hilo ni kweli. Hakuna aliyemfukuza, lakini kuanzia hapo wanawake walipita mlangoni pake wakitazama upande mwingine.

Baada ya matanga, Nambega alikusanya vyungu vyake vibichi, ambavyo havijachomwa, akavipandisha gengeni ili avivunje. Alivunja kimoja, akavunja kingine. Alipotaka kushika mwamba ajiegemeze, mkono uliteleza. Jiwe la pale lilikuwa jeusi, laini kama lililopakwa mafuta, na kiganja chake chote kilikuwa cheusi. Alijifuta machozi kwa kiganja hicho, akaona machozi yanaviringika juu ya ule weusi, hayapenyi.

Alikaa chini. Chungu kimoja kilikuwa kimesalia. Akakisugua kwa jiwe lile, ndani na nje, mpaka kikang'aa kama mgongo wa kombamwiko. Akarudi nacho nyumbani, akakichoma peke yake.

Kilipopoa alikipeleka kwa Chilewa, pamoja na maji yake ya kunywa ya siku ile.

"Wifi, sikuja kujitetea," alisema. "Chungu hiki nimekisugua kwa jiwe jeusi la gengeni, na haya ndiyo maji yangu ya leo. Nataka tuyatazame pamoja."

Chilewa hakuinuka kwenye mkeka.

"Mimina," alisema kwa uchungu. "Kinywe. Si ndivyo kilivyozoea? Kiache kinywe."

Wakakaa, chungu katikati yao, midomo ya wote wawili imepasuka kwa kiu. Kivuli cha nyumba kilitoka upande mmoja kikahamia mwingine, na hakuna aliyesema neno. Mwishowe Chilewa alipeleka mkono chini ya chungu. Palikuwa pakavu. Akachungulia ndani, na maji yalikuwa palepale yalipomiminwa.

Akaanza kulia. "Kwa nini hukulijua jiwe hili mapema?"

"Hata mimi najiuliza hilo, wifi," Nambega alisema, naye akalia. Hapo ndipo walipomlilia mzee Lihoma pamoja kwa mara ya kwanza.

Habari zilipoenea, wazee walitaka jiwe lipewe jina la sifa. Nambega alikataa.

"Jina limeshatolewa na mwenye uchungu," alisema. "Tukilipa jina zuri, tutasahau nani aliondoka kabla halijapatikana."

Na tangu siku hiyo vyungu vya maji huku kwetu ni vyeusi, na jiwe lile ni kinywe. Siku hizi malori huja kulibeba, wanasema linakwenda kutengenezea penseli na betri, na wachimbaji hulitaja kama wanavyotaja jina lolote. Sisi wafinyanzi hatulitaji hivyo. Anayemaliza chungu kipya hukijaza maji, akakaa nacho kimya mpaka kivuli kihame, kisha akayapeleka kwa mzee au mgonjwa aliye jirani, hata kama wamegombana. Huyo akishakata kiu, ndipo wengine huomba kata ya kunywea.