Kiraka cha Nyonga ya Bibi Mwanahawa

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi ajipanguse macho, kwa sababu hadithi hii haitaki wasikilizaji tu. Inataka waamuzi. Mimi kazi yangu ni kusimulia. Hukumu mtatoa ninyi.

Paliondokea watu watatu katika kijiji kimoja cha milimani, kule ambako nyumba zimepangwa juu ya mteremko kama vyombo kabatini, na mtu akitaka kwenda kwa jirani, ama anapanda ama anashuka. Kila mmoja wa hao watatu alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Shufaa, na kipaji chake kilikuwa macho. Alikuwa akiona yale ambayo wengine wanayaangalia tu. Akipita uani kwako mara moja, angeweza kukwambia kuku yupi anakaribia kuatamia na mtoto gani amelamba sukari.

Wa pili alikuwa Mhina, mshona mito, na kipaji chake kilikuwa mikono. Alishona mito ya sufi, na watu walisema ukilalia mto wa Mhina hata deni la mahari unalisahau. Sufi akiibonyeza kwa kidole gumba tu alijua itachukua miaka mingapi kabla haijalala na kuwa ngumu.

Wa tatu alikuwa Saumu, msichana wa miaka kumi na saba, na kipaji chake kilikuwa pasi. Aliacha shule mama yake alipougua, na siku ile alipokunja sare yake mara ya mwisho, aliinyoosha kwanza ikanyooka kama karatasi. Tangu hapo akawa anawapigia pasi watu wa kijiji kizima. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, ile yenye jogoo mdogo wa shaba kwenye komeo, na hakuna nguo iliyowahi kuungua mkononi mwake. Hilo ndilo alilojivunia. Alikuwa hana cheti, lakini alikuwa na jina.

Sasa, Shufaa alikuwa na bibi yake, Bibi Mwanahawa. Bibi huyu alikwisha kuvunjika mkono, halafu ubavu, na daktari wa zahanati alimwambia bila kumficha: "Bibi, mifupa yako sasa ni kama chungu chenye ufa. Nyonga ikivunjika, hutatembea tena."

Bibi akamjibu, "Basi isivunjike kabla ya harusi ya Zulfa."

Zulfa alikuwa mjukuu wake wa mwisho, na katika ukoo wao kuna ushanga mmoja ambao bibi humfunga bibi harusi shingoni. Ushanga ule hufungwa na bibi mwenyewe, akiwa amesimama kwa miguu yake. Akikaa, haufungwi. Akibebwa, haufungwi. Na nyumba ya Zulfa ilikuwa chini kabisa ya mteremko, mwendo wa ngazi sabini za udongo mwekundu.

"Tutakushusha kwa kiti," alisema Mhina, ambaye Bibi alikuwa shangazi yake.

"Wanaobebwa ni maiti na watoto wachanga. Mimi ni yupi hapo?"

"Shangazi, mimi nakupenda tu."

"Nipende kwa mbali, nipishe nitembee."

Ndipo Shufaa alipoanza kutazama. Alitazama kanga za bibi yake kabla hazijafuliwa, akaona matope yako upande wa kulia kila mara. Alitazama ukuta wa njia ya jikoni, akaona alama za kiganja, zote za mkono wa kulia. Alitazama mguu wa kulia wa Bibi ukiburuta kidogo anapochoka. Akawaita wenzake wawili, akasema, "Bibi akianguka, ataangukia kulia. Tuweke kitu laini ndani ya gauni lake, hapa kwenye nyonga ya kulia. Akianguka, aangukie mto." Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuwaza kumlinda mtu kwa kiraka. Viraka vilikuwa vya kuziba matundu.

Ndipo Mhina alipoanza kukata. Alichukua ndala kuukuu, akachonga soli yake ikawa duara kama sahani ndogo, nyembamba pembeni na nene katikati. Juu yake akatandika sufi mpya tabaka tatu, akaibana, akaibonyeza kwa kidole gumba, akatoa kidogo, akabonyeza tena. Akaufunika mto ule kwa kile kitambaa chenye gundi ambacho mafundi hukiweka ndani ya kola, akaacha ukingo wa vidole viwili kuuzunguka, gundi ishike hapo. Halafu akaukalia. Akainuka na kuukalia tena, kwa kishindo, mara saba, mpaka mkewe akamwuliza kama amechanganyikiwa.

Ndipo ikafika zamu ya Saumu. Maana gauni lenyewe halikukubali sindano. Lilikuwa gauni jeusi la harusi zote, kongwe kuliko Shufaa, na uzi ukipita tu kitambaa kinachanika. Isipokuwa pasi, hakuna njia nyingine. Kazi ilikuwa ngumu: joto likipungua gundi haishiki, likizidi ndala inayeyuka na gauni linakwenda na maji. Tena Bibi alikubali kiraka kimoja tu.

"Kimoja, nimesema. Viwili watu watadhani nimeiba maboga."

Asubuhi ya harusi Saumu aliwasha mkaa, akapuliza, akasubiri majivu meupe. Aligeuza gauni ndani nje, kama mpiga pasi yeyote anavyofanya na nguo nyeusi ili isipate mng'aro. Akalaza kiraka upande wa kulia. Akaweka kitambaa kibichi juu ya ukingo, akakandamiza, akahesabu pumzi kumi, akahamia pembeni kidogo, akahesabu tena, mpaka akauzunguka ukingo wote. Kilipopoa akajaribu kukibandua kwa ukucha. Wapi! Kilikuwa kimekuwa ngozi ya gauni.

Bibi alilichukua mwenyewe, akaenda kulivaa chumbani akiwa amejifungia mlango, akatoka amejitanda kanga juu. "Naonekanaje?"

"Kama bibi harusi," alisema Saumu.

"Muongo wewe. Lakini endelea."

Shufaa alikuwa kule chini kwa Zulfa tangu alfajiri. Kwa hiyo Bibi alishika njia na Mhina, Mhina nyuma yake amebeba mkeka, Bibi mbele na fimbo mkono wa kulia. Saumu akabaki kumalizia nguo ya mwisho, shati jeusi la mgeni mmoja wa harusi, lenye mfuko mmoja kifuani. Alilipiga pasi ndani nje. Alipomaliza akaligeuza.

Mfuko ukahama.

Saumu alilitazama lile shati. Akaligeuza tena ndani nje. Mfuko ukarudi. Ndipo alipoelewa alichofanya. Nguo ikigeuzwa, kulia kwake kunakuwa kushoto. Alikuwa amekibandika kiraka upande wa kulia wa gauni lililogeuzwa, na Bibi amelivaa likiwa sawasawa. Kiraka kilikuwa kwenye nyonga ya kushoto. Nyonga ya kulia, ile ya matope, ile ya alama za ukutani, haikuwa na kitu.

Aliiacha pasi juu ya jiwe, hata jogoo hakumfunga. Alikimbia miguu mitupu, akiruka mifereji na kukanyaga viazi vya watu. Alipofika juu ya ngazi, Bibi alikuwa ameshuka arobaini, anakwenda polepole, fimbo, mguu, mguu, fimbo, mguu, mguu. Saumu akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Bibi! Bibi, simama!"

Bibi akageuka.

Aligeukia nyuma kwa upande wa kushoto, sauti ilikotoka. Fimbo ikabaki imechomeka kulia, mguu ukateleza kwenye udongo, Mhina akatupa mkeka na kunyoosha mikono, akashika ncha ya kanga tu. Bibi Mwanahawa akaanguka chini kwa kishindo, kwa ubavu wa kushoto, juu ya jiwe lililoshikilia ukingo wa ngazi.

Ngoma kule chini ilikatika. Saumu alishuka zile ngazi bila kujua anashukaje. Alipofika alipiga magoti, akaona gauni limechanika kidogo kwenye nyonga ya kushoto, na kando ya jiwe nyuzi za sufi zimetoka nyeupe kama povu la maziwa. Kiraka kilikuwa mahali pake. Hata upande mmoja haukubanduka.

Bibi alikuwa amefumba macho. Akafumbua moja.

"Mbona mnanitazama hivyo? Mnagawana vyombo?"

"Shangazi, umeumia wapi?"

"Nimeumia masikio. Nani huyu anayepiga kelele kama aliyenusurika na mamba?" Akanyoosha mguu wa kushoto. Akaukunja. Akaunyoosha tena. "Niinueni. Mtoto huyu ataolewa bila ushanga."

Wakamwinua. Alisimama. Akakanyaga, akakanyaga tena, akajipapasa nyonga, akacheka. Ndipo Saumu alipokaa chini kwenye matope na kulia, mpaka Mhina akamwambia, "Sasa wewe unalia nini? Aliyeanguka anacheka!" Lakini alikuwa hawezi kuacha. Kilikuwa kilio kile cha mtu aliyetua mzigo na bado mabega yanatetemeka.

Bibi alishuka ngazi thelathini zilizobaki kwa miguu yake. Alisimama mbele ya Zulfa, akaufunga ushanga. Watu wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba.

Kesho yake Bibi akawaita wote watatu uani. Alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na mtamba wake mwekundu, mwenye mimba ya kwanza.

"Kwetu, aliyemwokoa mtu hupewa mnyama aliye hai," alisema. "Na hupewa mmoja. Ng'ombe wa watu wawili hufa kwa kiu, kila mmoja akidhani mwenzake amemnywesha. Haya. Nampa nani?"

Shufaa akacheka, akasema, "Bibi, bila macho yangu ungeanguka na gauni tupu."

Mhina akasema, "Na bila mikono yangu ungeangukia kitambaa, Shangazi. Kitambaa na jiwe nani mshindi?"

Wote wawili wakamgeukia Saumu. Alikuwa na jibu lake tayari: bila pasi yangu kiraka kingebaki mezani. Lilikuwa jibu zuri, na la kweli. Kwa furaha ya jana hakuna aliyekuwa ameuliza Bibi aliangukia upande gani. Akimaliza maneno hayo machache na kunyamaza, jina lake lingebaki safi, na huenda kamba ingekuwa yake. Aliwaza maziwa ya asubuhi, aliwaza mama yake akiyanywa. Akaitazama kamba, halafu akamtazama Bibi, amesimama.

"Bibi, kabla hujatoa, kuna jambo," alisema. "Shufaa alisema kulia. Mimi nikabandika kushoto. Niligeuza gauni nikasahau kuwa limegeuka. Nilipogundua nikakimbia, nikakuita, na kwa kukuita ndipo ukageuka, ukaanguka. Mimi ndiye niliyekuangusha."

Mtamba akatafuna.

"Kumbe!" alisema Mhina. "Basi huyu katoka kwenye hesabu. Umemwangusha mtu, unataka ng'ombe?"

"Sikusema nataka."

"Subiri kwanza, Baba Mdogo Mhina," alisema Shufaa, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Kama Saumu angenisikiliza, kiraka kingekuwa kulia. Na Bibi aliangukia kushoto. Macho yangu yangemvunja."

"Hapana," alisema Saumu, "maana kama ningekusikiliza, nisingekimbia. Nisingemwita. Na siku nyingine angeanguka kulia, kama ulivyosema."

"Kulia, kushoto!" alisema Mhina. "Mto haujui pande. Mto wangu ulikaa ulipowekwa na ukafanya kazi yake. Mimi sikukosea popote."

"Hukukosea popote," alisema Bibi, "na ulikuwa nyuma yangu, ukashika kanga."

Mhina akaitazama mikono yake.

Bibi akampapasa mtamba shingoni kwa muda mrefu. Halafu akamwambia Saumu, "Njoo hapa." Saumu akaenda akiwa ameinamisha kichwa. Bibi akamwinua kidevu. "Jana usiku ulilala?"

"Sikulala, Bibi."

"Leo utalala," alisema. Na kweli, siku ile Saumu alilala kama aliyelalia mto wa Mhina, kwa sababu hakuwa na kitu tena cha kuficha, na kila alipogeuka kitandani alikumbuka mlio wa fimbo ya Bibi uani: fimbo, mguu, mguu.

Lakini kamba haikutolewa. Imefungwa nguzoni mpaka leo, na mtamba anakula majani ya wote watatu: asubuhi ya Shufaa, mchana ya Mhina, jioni ya Saumu. Tumbo limekuwa kubwa. Bibi amesema hatamwacha azae kabla hajapata mwenyewe.

Ndiyo maana nimewaita. Yuko aliyeona vyema, na lililotokea likawa jingine. Yuko aliyetengeneza vyema, na hakukosea popote. Yuko aliyekosea mara mbili, na makosa yake mawili yakakutana juu ya jiwe moja, Bibi akainuka mzima. Kisha akasema kweli ambayo hakuna aliyemwuliza.

Haya, waamuzi. Kamba hii hapa. Wewe uliyekaa karibu na mlango, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa: ungeifungua, ungemkabidhi nani?