Kufuli la Bwana Shekiondo

Bwana Shekiondo wa Tanga alikuwa hamwamini mtu. Kila asubuhi mafundi wakishaingia kiwandani mwake kushona sare, aliwafungia kwa kufuli la nje ili wasimwibie vitambaa. Fundi mmoja, Mishi, akamwomba aweke kitasa kinachofunguka kwa kusukuma kutoka ndani, maana moto ukizuka wangeteketea wote.

"Moto gani? Wewe unatafuta njia ya kutorosha vitambaa vyangu!"

Kesho yake Mishi alimwendea mpole kama maji ya mtungini. "Bosi, umesema kweli, mwizi yumo humu. Shinda nasi leo umkamate mwenyewe. Ila mwambie mlinzi wa mlangoni asifungue mpaka jioni, hata akisikia sauti yako. Huyo mwizi anakuigiza vizuri mno."

Bwana Shekiondo akafurahi, akatoa amri, akaingia, wakafungiwa.

Kabla ya adhuhuri moshi ukatanda chumbani. Bwana Shekiondo akauvamia mlango kwa ngumi. "Fungua! Ni mimi!"

"Bosi aliniambia utaigiza sauti yake," mlinzi akajibu kwa ukali. "Tulia, mwizi wewe!"

"Jamani, tunakufa! Nitaweka hicho kitasa, naapa, leo hii!"

Mishi akainua pasi kutoka juu ya kitambaa chakavu kilichokuwa kikifuka moshi, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

"Mmemsikia?" akawauliza wenzake, kisha akamsogezea bosi kiti. "Basi kaa, bosi. Jioni bado."