Maji ya Vuguvugu Vizimbani

Wapendwa, twendeni kidogo milimani, kule ambako asubuhi ya mwezi wa saba mtu akikusalimia, salamu yake inatoka na moshi.

Kulikuwa na fundi bomba mmoja. Mama yake alimwachia urithi wa ajabu: vizimba vya waya nyuma ya nyumba, na ndani yake vinyonga. Wageni walipanda mlima kuja kuwatazama. Majirani walipita mbali wakitema mate chini, maana kwao kinyonga ni nuksi.

Fundi hakusahau asubuhi za utoto wake. Moshi wa kuni, birika jeusi, na mama, kanga moja kichwani na nyingine mabegani, akiyajaribu maji kwenye kifundo cha mkono kama ya kumwogeshea mtoto. Kinyonga hanywi bakulini. Hulamba tone juu ya jani. Basi mama alichovya kitawi, akakung'uta, akasogea, akakung'uta, jani kwa jani, kizimba kwa kizimba, mpaka jua likamkuta hapo hapo.

Alipofariki, kati ya wale aliowaacha alikuwamo kinyonga jike mmoja mzee, aliyezoea kupanda mkononi mwake. Fundi akaapa moyoni: huyu wa mama hatakufa mikononi mwangu.

Akafanya kazi aliyoijua. Aliinua pipa, akatia hita, akafunga pampu na saa ya kuiwasha, akatandaza mipira ya maji yenye vitundu juu ya vizimba vyote. Chini akarundika ndizi zilizooza, nzi wajilete wenyewe. Alfajiri, watu wamelala, maji ya vuguvugu yakaanza kunyunyizika.

Jirani akachungulia uani. "Bwana wee, watoto wako wanaoga maji ya baridi, vinyonga ya moto. Nami nihamie kizimbani?"

"Hamia," fundi akasema. "Ila huko chakula ni nzi."

Mkewe akacheka, kisha akauliza, "Baba watoto, maji sawa. Na kuwaangalia je?"

"Kuwaangalia nini tena? Saa haisahau."

Kweli, haikusahau. Kila alfajiri fundi alisikia matone yakigonga majani, akamwona mama yake na birika lake, akajifunika blanketi, akalala tena kwa raha. Nani kati yetu angemlaumu?

Siku moja dada yake akaja kutoka mjini. Hakungoja hata chai. Alikwenda moja kwa moja uani kumsalimia yule wa mama. Mara akaita:

"Kaka, njoo."

Kinyonga mzee alikuwa chini, mguu umemkunjika, rangi yote imemtoka. Alianguka tawini, akashindwa kupanda tena, baridi ya ardhi ikammaliza. Lini? Hakuna aliyejua. Na maji, ya vuguvugu, kwa wakati wake, yalikuwa yakimdondokea mgongoni.

"Maji yako hayajakosea, kaka," dada akasema, akaingia ndani.

Ndipo fundi alipofahamu kwa nini mama alimaliza asubuhi nzima pale. Kunyunyiza kulikuwa kazi ndogo. Alikuwa akiwajulia hali.

Je, sisi tulioketi hapa? Mama yuko kijijini. Tumemvutia maji, tumemwekea umeme, tumemnunulia king'amuzi apate sauti ndani ya nyumba. Kila kitu kinamfikia. Lakini ni nani amemwona akitembea, akajua kwamba siku hizi anaburuta mguu? Na humu kanisani, kengele inalia, midomo inaimba nyimbo tulizozikariri tangu utoto. Huyo uliyezoea kukaa naye benchi moja, ameanguka tangu lini?

Sikatai mabomba. Yafungeni, ndugu zangu, yanasaidia. Lakini hata Mungu angeweza kutunyeshea mvua kwa majira yake, jua kwa majira yake, akaona inatosha.

Hakuona inatosha. Alishuka mwenyewe.