Sasisho Lililokwamishwa na Wivu

Sogeeni karibu, na mwenye simu aiweke kifudifudi. Hadithi hii haina sungura wala fisi. Ina mafundi watatu wa kompyuta wa pale Morogoro, na mwishoni nitawataka ninyi mwamue, maana mimi nimeshindwa.

Abedi alijaliwa wepesi. Programu za siku hizi hazijengwi na mtu mmoja. Huundwa kwa vifurushi, yaani vipande vya programu vya lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, vilivyoandikwa na watu wasiojuana, na kila kifurushi hutolewa toleo jipya mara kwa mara. Abedi hakupitwa na toleo. Kila wiki alisasisha, akajaribu, akarekebisha kilichovunjika, huku akipiga mluzi.

Eliakimu alijaliwa macho. Wengine hupokea vifurushi vya watu bila kuvifungua. Yeye alivisoma mstari kwa mstari, hata wakati wa chakula, wali ukimpoa mbele yake.

Mwanaidi alijaliwa msimamo. Akisema hapana, ni hapana. Ndiyo maana Bi Semeni, mwenye ofisi, alimpa kazi ya mkono wa pili: pale hakuna kazi ya fundi iliyoingia kwenye mfumo mpaka yeye aikague na kuipitisha. Mfumo wenyewe ulikuwa wa kliniki, wenye majina na maradhi ya wajawazito wa mkoa mzima.

Sasa, Bi Semeni alikuwa anatafuta mkuu wa mafundi. Kiti kimoja tu. Mwanaidi alikitaka mpaka usingizi ukamkimbia, na kila Abedi aliposifiwa aliona kama ameibiwa yeye. Walianza kazi siku moja, wao wawili. Mbona Bi Semeni amwite Abedi "mwanangu", na yeye amwite Mwanaidi tu?

Ijumaa moja likaja onyo. Mtambo wao wa kufungasha, yaani ile programu inayokusanya vifurushi vyote na kuvifunga kuwa kitu kimoja, ulikuwa na mwanya wa kupitia wezi. Chai ya saa nne haijanyweka, Abedi alikuwa ameshaandaa toleo jipya.

"Dada Mwanaidi, nipitishie hiyo. Mwanya mbaya huo."

"Nitaangalia."

Hakuangalia. Aliona jina la Abedi juu ya kazi ile, akawaza sifa zitakazomiminika, akafunga kompyuta na kwenda zake. Na asubiri, alisema moyoni. Jumatatu Bi Semeni alimtaka aipitishe kabla ya adhuhuri. Akaitikia vizuri, kisha akaendelea kuburuta miguu.

Asubuhi hiyohiyo Eliakimu, akisoma kama kawaida yake, aliinuka ghafla. "Msiguse! Toleo lile lina sumu."

Kumbe mwovu mmoja alikuwa ameiba akaunti ya mwandishi wa kifurushi kidogo kilichomo ndani ya toleo lile, akatia mistari ya kukwapua funguo za siri, zile za kufungulia mifumo, za kila kompyuta itakayokipokea. Ofisi nyingine zilikuwa zimeshakipokea tangu Ijumaa, na zilikuwa zinalia.

Lakini kubaki na toleo la zamani nako kulikuwa hatari, maana mwanya ulikuwa palepale. Alasiri watengenezaji wa mtambo ule wakatoa toleo safi. Hapo ndipo wepesi wa Abedi ulipofaa: kwa kuwa alisasisha kila wiki, walikuwa nyuma kwa hatua moja tu, akawavusha siku ileile. Waliozembea kwa miaka walivunjikiwa na kila kitu.

Bi Semeni akawaita. "Asingesoma Eliakimu, tungekwisha. Asingesasisha Abedi, tungekwama. Na wewe Mwanaidi, tahadhari yako ndiyo iliyotupa muda. Nimpe nani kiti?"

Abedi akasema, "Mimi namtaja dada Mwanaidi. Niliharakisha. Angenisikiliza, siri za wale akina mama zingekuwa mikononi mwa wezi."

Mwanaidi alitazama sakafu. Kiti kilikuwa chake. Kilichobaki ni kunyamaza tu. Lakini wivu hauna adabu. Hata wema wa Abedi ulimchoma. Yaani amshinde mpaka kwa ukarimu? Akajikuta anasema, "Haikuwa tahadhari, Bi Semeni. Hata sikuifungua. Sikutaka Abedi asifiwe."

Bi Semeni akashika tama.

Haya, wenzangu. Yupo aliyekuwa mwepesi wa kuziba mwanya, lakini nusura awalishe wenzake sumu. Yupo aliyeiona sumu, lakini angeiona imeshamezwa kama mlango ungekuwa wazi. Na yupo aliyeufunga mlango kwa husuda, kisha akasema kweli kwa husuda ileile, na kweli hata hivyo ni kweli. Msiniambie wagawane, kiti hakigawanyiki. Je, wewe ungemkalisha nani?