Mayasa wa Mto Sabili na Rangi ya Sultani

Katika zama ambazo wenye kuandika tarehe wamekwisha kuzisahau, alitawala katika mji wa Zumuridi sultani mmoja akiitwa Mundhiri bin Faisali, na mji wake ulikuwa na kuta nyeupe na masoko yenye kila tunu ya dunia, na katikati yake ulipita mto Sabili, utokao milimani na kuteremka hadi mabonde ya mpunga, na watu walikuwa wakisema kwamba mgeni akinywa maji yake mara moja husahau njia ya kwao.

Na juu ya mji, pale mto unapoingia, alikaa kijana mtia rangi nguo, jina lake Lutufi, maskini asiyekuwa na kitu ila sufuria moja ya shaba na mikono yake miwili, ambayo ilikuwa na rangi hadi viwikoni. Siku moja akachanganya nili na magome ya mti asioujua jina, na Mungu akamjalia kupata rangi ya urujuani ambayo jicho la mtu halijapata kuiona, na alipokuwa akiisuza nguo ile mtoni maji yakampokonya na kwenda nayo. Lutufi akaikimbilia kandokando ya mto huku akilia, na alipofika penye kina akamwona mwanamke ameketi juu ya jiwe, amejitanda nguo ile, na uzuri wake ulimfanya asahau kilio chake.

"Bibi," akasema, "nguo hiyo ni yangu."

"Najua ni yako," akajibu yule mwanamke. "Nami nimeikubali."

"Umeikubali vipi, bibi?"

"Kama mahari yangu. Au hukuja kuposa?"

Yule mwanamke akacheka, kisha akaacha kucheka akasema, "Nisikilize vyema kabla hujajibu. Mimi ni Mayasa, ni jini katika majini wa Kiislamu, na sitakuficha hilo. Lakini liko jambo moja ambalo katika sheria yetu siruhusiwi kukuomba, wala kulitaja. Siku nitakapoliomba, ndoa yetu imevunjika, na hutaniona tena."

"Basi nitalijuaje jambo hilo?"

"Utanitazama," akasema Mayasa. "Kazi ya mume si kumtazama mkewe?"

Wakaoana, na mapenzi yao yakawa kama maziwa na asali. Lutufi akisuza nguo, Mayasa huketi kando yake, miguu ndani ya maji, akiimba nyimbo za kwao zisizo na maneno, na jioni hula wali kwa samaki na hucheka mambo ambayo watu wengine hawangeona cha kuchekesha ndani yake.

Hata siku ya Idi, Mayasa akapita barabarani na nguo yake ya urujuani, na Sultani Mundhiri akaiona kutoka roshani yake, na moyo wake ukatekwa na rangi ile. Akamwita Lutufi barazani na kumwambia, "Ewe fundi, rangi hii tumeipenda, nayo itakuwa rangi ya dola yetu. Wavishe mawaziri wetu na askari wetu, na kila jahazi litokalo bandarini mwetu lipeleke nguo zako nchi za mbali. Tumekupa ukingo wa mto, na msitu ulio juu yake, na mafundi kadiri utakavyo."

Lutufi akabusu ardhi na kurudi nyumbani akiruka kwa furaha. "Mke wangu," akasema, "sasa utavaa lulu."

Mayasa akamtazama, na midomo yake ikafunguka kama atakaye kusema, kisha akaifumba. "Mungu akuzidishie, bwana wangu," akasema.

Basi mapipa ya rangi yakapangwa ukingoni hadi jicho lisione mwisho wake, na masufuria yakachemka mchana kutwa, na kwa kuwa moto hula kuni, msitu ukakatwa, kwanza miti iliyokauka, kisha mibichi, hata kilima kikabaki kama kichwa kilichonyolewa. Na rangi haishiki nguoni bila shabu na chokaa na magadi, na vyote hivyo vikiisha kazi vilimwagwa mtoni, kwa maana mto uko karibu na haukatai kitu. Na Lutufi akazuia maji kwa boma la mawe apate ziwa la kusuzia, na mto ukatoka pale mwembamba kama uzi, na rangi yake ni ile ya joho la Sultani.

Na Mayasa akaanza kuumwa. Kwanza akaacha kuimba. Kisha nywele zake zikawa zinatoka kwenye kitana, na ncha za vidole vyake zikaingia rangi ya urujuani isiyotoka kwa sabuni wala kwa ndimu, naye hakuwa amegusa nguo yoyote. Lutufi akaleta matabibu wa Zumuridi na wa miji mingine, wakampa mafusho na makombe na asali ya nyuki wadogo, na kila tabibu alipotaka ujira mkubwa zaidi, Lutufi aliongeza mapipa, na kila alipoongeza mapipa, Mayasa alizidi kudhoofu.

"Niambie unachotaka," alikuwa akimsihi, ameushika mkono wake baridi. "Hata kama kiko Uchina nitakifuata."

Na Mayasa humjibu, "Sina ninachokuomba, bwana wangu," na machozi humtiririka, kwa maana alikuwa akimpenda, na hakutaka kuondoka.

Alipoondoka tabibu wa mwisho akitikisa kichwa, Lutufi alikwenda akaketi peke yake kati ya mapipa na kuinamisha uso wake. Mara akaja mdiria, yule ndege wa buluu mwenye mdomo mrefu avuaye samaki kwa kujirusha majini, akatua juu ya ukingo wa pipa na kunena kwa ulimi fasaha.

"Ewe Lutufi, umewauliza matabibu wa kila mji, na mimi jirani yako hukuniuliza."

Lutufi akashtuka, lakini mwenye mgonjwa hachagui wa kumsikiliza. "Basi nakuuliza sasa, ewe ndege. Mke wangu anaumwa nini?"

"Mimi si jini wala sikuolewa na mtu, hivyo hakuna sheria inayonifunga ulimi. Mkeo hana maradhi. Mto ndio wenye maradhi, na mto ndio yeye. Tangu ulipopata kazi hii unayaona maji yakija, hujapata hata siku moja kuyafuata ukaona yaendako. Yafuate." Na ndege akaruka, akaenda zake juu ya mto usiokuwa na samaki.

Lutufi akashika njia ya ukingoni, akapita chini ya daraja, akatoka mjini, na mto ukienda mbele yake kama kiongozi. Akaona samaki wamelala ubavu, akaona mikuyu imekauka ikiwa imesimama, na alipofika mabondeni akaona majaruba ya mpunga yamepasuka, na mpunga uliosalia una majani ya njano. Jua lilikuwa kali na kiu imemshika, akabisha hodi kwenye nyumba ya mkulima mmoja, mjane aitwaye Bi Zuwena, naye akamkaribisha ukumbini na kumtandikia mkeka, na hakumuuliza ni nani, kwa kuwa mgeni haulizwi kabla ya kunywa.

Akamletea maji katika kata, akampa kwa mikono miwili. "Uniwie radhi, baba," akasema. "Maji yetu ndiyo haya. Nayatuliza mtungini tangu asubuhi, lakini rangi haitui. Sema bismillahi unywe."

Lutufi akatazama ndani ya kata, akaiona rangi yake, ile aliyosifiwa nayo barazani. Akasema bismillahi, akanywa, na maji yakamuuma ulimi kama kisu kilicholambwa.

"Rangi nzuri," akasema Bi Zuwena pasi na kinyongo. "Wanasema huko juu Sultani huivaa. Sisi huku tunainywa."

Na pembeni alikuwapo mjukuu wake mchanga amelala, ngozi yake imefanya magamba, na yule bibi alikuwa akimpepea nzi huku anazungumza. Lutufi akayamaliza maji yote, hakuacha tone, kisha akaiweka kata chini na kulia mbele ya mwanamke asiyemjua, na Bi Zuwena akadhani amefiwa, akamwambia, "Pole, mwanangu. Mungu ndiye mwenye kufariji."

Aliporudi hakuingia nyumbani. Akazima moto wa sufuria moja baada ya moja kwa mikono yake, na mafundi wakimtazama kama mtu aliyeingiwa na wazimu, na akalibomoa boma la mawe hata vidole vikamtoka damu, na maji yaliyofungwa yakaenda. Ndani ya nyumba Mayasa akasikia sauti ya maji, akainua kichwa. Lutufi alipoingia akamuuliza, "Umefanya nini, bwana wangu?"

"Nimekutazama," akasema Lutufi. "Nimechelewa, lakini nimekutazama."

Habari ikamfika Sultani upesi, na Lutufi akaletwa barazani amefungwa. Na ilikuwa harusi ya mwana wa Sultani imekaribia, na majahazi yamo bandarini yanangoja shehena. Sultani akasema kwa hasira, "Ewe uliyekula chumvi yetu, tulikuokota jalalani tukakuketisha na wakubwa. Washa moto wako, au kichwa chako kitaaga shingo."

"Maulana," akasema Lutufi, "Mungu akuweke. Kichwa ni kimoja nacho ni chako, kichukue. Lakini moto sitauwasha. Na kwa kuwa ada ya baraza hii humpa anayekufa ombi moja, naomba leo maji ya udhu wako wa adhuhuri yatekwe chini ya daraja la mwisho, wala yasitekwe kwenye kisima cha jumba lako."

Mawaziri wakanong'ona, lakini ada ni ada. Watumishi wakaenda, wakarudi na maji katika beseni la fedha, na harufu yake ikawatangulia mlangoni. Sultani akatia mkono, na mkono ukatoka una rangi. Akamgeukia Kadhi Burhani, mzee aliyemsomesha Kurani utotoni, akamuuliza, "Ewe kadhi, udhu wa maji haya wasihi?"

Kadhi akayanusa, akayaonja kwa ncha ya kidole, akatema. "Maulana, maji yaliyobadilika rangi na utamu na harufu hayamtwaharishi mtu." Kisha akaongeza, "Lakini mabondeni hawana mengine. Wamekuwa wakitawadhia nini, na kuoshea nini maiti zao? Na siku ya hesabu, dhima ya hayo itawekwa shingoni mwa nani?"

Sultani Mundhiri akautazama mkono wake, kisha akalitazama joho lake, akalivua mwenyewe kabla mtumishi hajamkaribia, akabaki na kanzu nyeupe.

"Hatukujua," akasema kwa sauti ndogo.

"Hukushuka, Maulana," akasema kadhi.

Hapo Sultani akamfungua Lutufi kamba kwa mkono wake, na siku ile ile mbiu ikapigwa Zumuridi nzima: asikate mtu mti wa ukingoni, wala asimwage mtu mtoni kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukinywa. Na mwana wa Sultani akaoa amevaa nguo nyeupe, na bibi arusi hakuona upungufu wowote.

Lakini amri hutoka kinywani kwa dakika moja, na mto hauponi kwa dakika moja. Mayasa akamwambia mumewe, "Sikuomba, kwa hiyo ndoa yetu haikuvunjika. Lakini mwili wangu umechoka. Nipeleke chemchemini kwetu." Lutufi akambeba mgongoni hadi mlimani, naye alikuwa mwepesi kama kanga iliyokunjwa, na chemchemi walipoifikia ilikuwa inatona tu.

"Utarudi?" akamuuliza.

"Mto ukirudi," akasema Mayasa, na akaingia majini polepole kama mtu aingiaye kitandani.

Basi Lutufi akaanza kupanda miti. Akapanda mikuyu na mizambarau na mianzi, na mvua ya mwaka wa kwanza ikashuka juu ya kilima kilichonyolewa ikachukua udongo na miche yote, akapanda tena. Akajifunza ya kwamba mti ulioangushwa kwa asubuhi moja hudai ujana wa mtu ili urudishe kivuli. Bi Zuwena na wanawake wa mabondeni walipomjua yeye ni nani, wengine walimtukana, na wengine wakapandisha mlima na majembe yao, na kuna waliofanya yote mawili. Nguo alitia chache, kwa binzari na majani, na maji machafu akayapitisha katika mashimo ya mchanga na makaa kabla hayajaenda popote. Na kila jioni aliketi chemchemini akazungumza na maji, akiyaeleza mche upi umeshika na upi umekufa, na ndevu zake zikaingia mvi.

Hata mwaka mmoja, mpunga ukiwa umetoa maua, Bi Zuwena akaja akitweta, amekwisha kuwa kikongwe, na anacheka kama msichana. "Lutufi, mwanangu, njoo! Kuna mwanamke ameketi kwenye tuta la jaruba langu, miguu ndani ya maji, anaimba. Nimemuuliza anamtaka nani, kaniambia anamngoja bwana mmoja aje amwoe."

Lutufi akakimbia bila ya viatu. Alipomwona akasimama mbali kidogo, akashika ndevu zake kwa haya. "Mayasa, nimezeeka."

"Nami niliugua," akasema Mayasa. "Njoo ukae."

Akaketi kando yake, na samaki wadogo wakapita kati ya miguu yao. Kadhi Burhani akaletwa kwa machela, na kwa kuwa walikuwa wametengana miaka mingi akasema hakuna ubaya kuifanya nikahi upya, ni furaha juu ya furaha. Na Sultani Mundhiri akashuka mwenyewe mabondeni kwa miguu, akawa shahidi. Akawakabidhi ulinzi wa mto wote, kutoka chemchemi hadi baharini, na watu wa mabonde kila mavuno wakawaletea mpunga kwa mapenzi yao, hata ghala zao zikajaa na kugawiwa na kujaa tena, na Mungu akawaruzuku binti, wakamwita Rahma.

Hivi ndivyo ilivyonifikia habari yao, nami nimewafikishia bila ya kuila njiani. Na mwenye kusikia na ajue kwamba mto haukomi pale macho yake yanapokoma. Kila akimwagacho mtu huku juu, yuko mwenziwe huko chini atakayesema bismillahi na kukinywa.