Mlinzi wa Lango la Miiba

Itikieni, enyi mliokaa. Hapo mwanzo palikuwa na nini?
— Palikuwa na kiu.
Na baada ya kiu?
— Yakawa maji.
Maji ya nani?
— Ya Aliyeyaumba.
Basi tegeni masikio.

Palikuwa na bonde lenye chemchemi, na mwenye nguvu katika bonde hilo alikuwa Mbogo. Palikuwa pia na Wibari, mnyama mdogo wa miambani, asiye na mkia wala pembe, ambaye Muumba alimnyima ukubwa akampa kufikiri. Ng'ambo ya kilima mbingu zilikuwa zimefungwa, mito ikawa vumbi, na wenye kiu wakashuka bondeni kunywa.

Msimu huohuo mtama katika ghala la wote ukaanza kupungua. Mbogo akawakusanya wanyama, akasema wezi ni hao wageni na dawa yao ni ukuta. Mzee Kobe akamuunga mkono, wala hakusema uongo, kwa kuwa Ngedere mmoja wa ng'ambo alikuwa amekamatwa na masuke kwapani. Wibari akauliza kama ukuta utamzuia Ngedere, aliyezaliwa akiruka, au utawazuia vikongwe na wanyonyeshao.

"Wewe kwa kimo chako hata kichuguu ni ukuta," Mbogo alimwambia, na baraza lote likacheka.

Miiba ikakatwa, kra, kra, kra, ukuta ukasimama, ukaachiwa lango moja. Mbogo akalala langoni, kichwa huku, mkia kule, akatangaza kwamba hatabanduka. Kulipokucha, mtama ulikuwa umepungua.

Siku lango lilipofungwa, mama yake Wibari alikuwa ng'ambo, amekwenda kumzika dada yake. Akarudi akichechemea, akakuta miiba. Wibari akamsihi Mbogo, akalia mbele yake; Mbogo akajibu kwamba akimfungulia mmoja amewafungulia wote.

Tangu hapo, kila asubuhi, Wibari alichovya kitita cha nyasi chemchemini, chubwi, akakipenyeza kati ya miiba kando ya lango. Upande wa pili mama alikipokea kwa mdomo, akakinyonya hata kikakauka. Kila asubuhi chubwi, na kila asubuhi sauti ya mama ikawa nyembamba zaidi.

"Kesho usije, mwanangu," mama alisema. "Miiba inakuchana pua."

"Kunywa, mama. Pua itapona."

Ndipo Wibari, akiwa ameinama hapo huku machozi yakimdondoka, alipoona chini ya ubavu wa Mbogo kitu cha kijani, chembamba kama uzi. Akakitazama sana. Kisha akafuta macho, akaenda kwa Mzee Kobe, akamwomba awaite wanyama wote, kwa maana mlinzi mwaminifu namna ile anastahili kuvikwa shada la maua.

Wakaja wote. Wibari akasimama juu ya jiwe, shada mkononi, akauliza kwa upole:

"Bwana Mbogo, tangu ukuta ujengwe, amepita nani hapa?"

"Hata inzi hajapita."

"Hukusinzia kidogo, bwana wangu?"

"Mimi nisinzie? Sijafumba jicho."

"Na mtama bado unapungua," Wibari alisema. "Basi, ndugu zangu, mwizi tumejifungia naye humu."

Wanyama wakatazamana. Mzee Kobe akarudisha kichwa ndani, akafikiri, akakitoa tena. Mbogo akasema haraka kwamba labda alisinzia mara moja, labda Ngedere aliruka. Kobe akamwuliza kwa unyonge, kama Ngedere aliruka, miiba yote ile waliikatia nini.

"Tuyaache hayo," Wibari alisema. "Simama, bwana wangu, uvikwe shada."

Mbogo alitaka maua kuliko alivyoogopa aibu. Akasimama. Na tazama, pale alipokuwa amelala, mtama ulikuwa umechipua, bustani nzima, kwa joto la tumbo lake na jasho lake. Alichokifukia gizani kilikuwa kimejitokeza chenyewe kumshuhudia.

Hakuna aliyecheka. Mbogo aliinamisha pembe, akaanza kulia kama ndama. Akasema yeye naye alizaliwa ng'ambo. Mama yake alifia katika mto uliokauka, na bonde hili likampokea akiwa mifupa mitupu. Tangu siku hiyo hajawahi kuamini kwamba kesho atakula.

Wibari akamkaribia, akaweka mkono mdogo juu ya ile pua kubwa yenye unyevu.

"Njaa yako tunaisamehe," alisema. "Wizi wako utaulipa kwa kulima, wewe na Ngedere pamoja. Lakini kwanza ng'oa miiba hii. Nyuma yake yuko mama wa mtu."

Mbogo akang'oa kwa pembe zake mwenyewe, kra, kra, kra. Kisha akapiga magoti, yule kikongwe akapanda mgongoni mwake, akabebwa polepole hadi chemchemini. Akanywa. Wanyama wote wakasikiliza akinywa.

Funzo la ngano hii, wanangu, ni kwamba ukuta ni kitu chema mno. Mkiibiwa, jengeni. Jengeni mrefu, zibeni kila tundu, mkaweke mlinzi mnono. Mkishamaliza mtazameni vizuri huyo mlinzi, ndipo mwanze kubomoa.

Maji ya nani?
— Ya Aliyeyaumba.
Basi kunyweni, mkamwachie na ajaye.