Kaburi Lililochipua

"Matanga ya uongo humaliza machozi ya kweli." Mnaisema tu, wala hamjui imetoka wapi. Haya, Zaina, weka hiyo simu chini. Ilianzia hapa hapa kijijini, nami nilikuwepo. Laiti nisingekuwepo.

Jirani yangu Bi Mwantumu alikuwa na mtoto mmoja tu, Mhina. Huyo Mhina alikata bima ya maisha, kisha akaenda kujificha Mombasa. Mama akaleta maiti, akisema ni ya mwanawe, imetoka hospitali ya mbali, imeshaoshwa, imeshavishwa sanda. Akahimiza izikwe upesi, kaburi likachimbwa la kina kifupi. Tukalia, jamani! Siku tatu tulilala naye mikekani, tukampikia, tukamfuta kamasi. Kumbe tumezika mgomba.

Tena kwa ujanja wao waliung'oa na tunguu lake la mizizi, ili uwe mzito. Masika yalipoingia, kaburi likachipua. Mkulima mzima asijue mgomba ukifukiwa huota? Afisa wa bima aliyekuja kuuliza maswali aliliona chipukizi, akaenda polisi. Mahakama ikaamuru kaburi lifukuliwe. Mhina akakamatwa, akafungwa miaka mitano. Mama, kwa uzee wake, akapewa kifungo cha nje.

Hakimu alimrudisha nyumbani, lakini sisi ndio tuliomfunga. Hata salamu hatukumpa.

Mwaka wa pili Mhina akafa kwa homa gerezani. Asubuhi hiyo Bi Mwantumu alikuja mlangoni kwangu, hana hata kanga ya kichwani.

"Mama Zubeda, mwanangu kafa. Njoo."

"Tulishamlilia, Bi Mwantumu. Au leo unazika mgomba gani?"

"Njoo umfunue uso mwenyewe. Sikwambii ulie. Mtazame tu."

Mume wangu akainuka. Nikamvuta shati, akakaa.

Adhuhuri nikaliona gari la magereza. Mhina alizikwa na askari wanne na imamu. Nilishikwa na aibu, nikafunga mlango. Dirishani nilimwona mama yake akitandika mikeka sita barazani, akakaa kwenye mmoja. Siku tatu, hakuja mtu.

Siku ya nne nikampelekea uji. Nilipoketi karibu yake nilitaka kulia, wallahi nilitaka, lakini macho yalikuwa makavu. Nikajifunika kanga usoni ili asione.

Akaniondolea ile kanga taratibu.

"Usijilazimishe, mwanangu," akasema. "Matanga ya uongo humaliza machozi ya kweli."